Ea Klina ya Magari Yote

Trekta la miwa likikutangulia kwenye barabara ya vumbi ya Ndhiwa wakati wa kiangazi, huna la kufanya ila kupandisha vioo na kumwombea anayekuja nyuma yako. Lakini gari halina kioo cha kupandishia pua. Ili kuunguza lita moja ya petroli, injini huvuta zaidi ya lita 8,000 za hewa, na huku kwetu ndani ya hewa hiyo mna kipande kizuri tu cha barabara ya kaunti.

Ndiyo maana kuna chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ea klina. Ya Probox yangu ilipochoka, muuza spea alinipa nyingine nyekundu, ya pamba, ya kuosha na kupaka mafuta. Mtindo huo ulienezwa na K&N, kampuni iliyoanza California mwaka 1969. Hii yangu haikuwa na jina la kampuni yoyote. Ilikuwa na picha ya chui.

“Inaingia gari lolote,” aliapa. Suruali inayomtosha kila mtu, ndugu msomaji, huwa ni shuka.

Fundi aliitumbukiza kwenye boksi la chujio, ikaingia na kubakiza nafasi ya kupitisha kidole. Hakushtuka.

“Mwalimu, hiyo tunaziba.”

Tukaanza na utepe wa karatasi, ukabanduka kwa joto kabla chai haijaisha. Ukafuata ukanda wa tyubu ya baiskeli, uliokatwa kwa ustadi kweli, ila mfuniko ukakataa kufika kwenye vibano. Fundi akaukalia. Akamwita kijana wake, naye akaukalia. Mwenye bodaboda aliyekuja kujaza upepo tu akapendekeza sabuni ya kipande. Mama wa mandazi, bila hata kugeuka, akasema tufunge kamba. Mwishowe ikaletwa silikoni, tyubu nzima.

“Hata sisimizi hapiti, omera!”

Sisimizi hakupita. Niliporudi kutoka safari ya Mirogi nilifungua bomba la mpira linalotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini, upande ambao hewa inapaswa kuwa imeshachujwa, nikapitisha kidole ndani. Kikarudi chekundu. Fundi alikitazama kwa makini, akaamua kwamba ni rangi ya chujio.

Hewa ni mvivu: ikipata upenyo pembeni, haijisumbui kupita kwenye pamba. Na vumbi lina chembe ngumu za mchanga zinazokwaruza silinda na kula ringi, mpaka injini inaanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Hapo utazungumza na fundi mwingine, kwa bei nyingine.

Ile ya karatasi ya saizi ya Probox ilipatikana Rongo. Tulibandua silikoni, tukafuta kingo za boksi, tukapaka grisi nyembamba kwenye ukingo wa mpira. Ikakaa yenyewe bila kukaliwa na mtu, vibano vyote vikafunga, na kidole kikatoka safi.

Ukienda kununua ea klina, beba ile ya zamani, uzilinganishe ukingo kwa ukingo kabla pesa haijatoka mfukoni. Na muuzaji akikuambia inaingia gari lolote, mwambie aanze na lake.