Mwongozo wa Kuposa kwa Ua Lisilo na Miguu

Hongera kwa kuchanua. Ila kuota Kitulo, Tanzania, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ni kujitakia: baridi, ukungu, na wadudu wenye akili timamu wamelala. Mchumba lazima apatikane kabla mvua hazijakatika, na wewe okidi huna miguu. Basi sikiliza.

Usijioe. Kishawishi kipo, maana wewe ni bwana na bibi wa nyumba moja: stameni na pistili zimeungana zikawa mhimili mmoja, kati ya chavua na kipokeo chake pana kizuizi kidogo tu. Wapo jamaa zako waliochoka kungoja wakaachia chavua iwadondokee wenyewe. Mbegu wanapata, hilo siwanyimi. Lakini ukoo ukifanana mno, ugonjwa mmoja waweza kuumaliza.

Tafuta mshenga, uvae kwa ajili yake. Jamaa zako Habenaria wengi huvaa nyeupe au kijani kibichi, hunukia usiku, na mbochi wameuficha ndani ya mrija mrefu; hapo anakaribishwa nondo, wenye ulimi mfupi wapite. Okidi wengi, kabla ya kuchanua, hujipindua nusu duara ili mdomo wa ua uwe chini, mgeni apate pa kutua. Satyrium waligoma. Mdomo wao umebaki juu, umejikunja kofia, na nyuma ya kofia inaning'inia mikia miwili ya mbochi. Ukiyaona maua hayo, usidhani yamechanua kichwa chini. Ndio ustaarabu wao.

Kuhusu mahari: usilipe. Karibu theluthi ya aina za okidi duniani hazitoi hata tone la mbochi. Ni dhuluma, lakini ina hesabu yake. Mshenga aliyeshiba hutambaa ua hadi ua kwenye shina lilelile. Aliyedhulumiwa huondoka kwa hasira, aende mbali na chavua yako usoni.

Wala usimharakishe. Charles Darwin aliingiza ncha ya penseli ndani ya okidi wa Uingereza, ikatoka na vifurushi vya chavua vimesimama wima. Baada ya kama nusu dakika vikajiinamisha mbele, tayari kugonga kipokeo cha ua jingine. Muda huo mdudu anakuwa ameshahama. Aliyaandika hayo mwaka 1862, nawe ulikuwa unayafanya zamani bila penseli.

Sasa jambo ambalo umbo lako halikulipangia. Atakuja mtu na jembe, na ua lako litamwonyesha kilipo kiazi. Viazi vyako huvushwa hadi Zambia, vikapondwa na karanga, magadi na pilipili, vikawa chikanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria vinavyotoka Tanzania kuwa mamilioni kwa mwaka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, ikiwa Mbeya na Iringa. Upande wa wilaya ya Makete ulihamia mkoa mpya wa Njombe mwaka 2012. Wewe mikoa haikuhusu, mpaka wa hifadhi ndio unaokuhusu. Mbegu yako ikipeperuka, ielekeze ndani. Ikitua nje, kwenye mashamba ya pareto na viazi mviringo, ikampata kuvu wa kuilisha, basi ichanue upesi na ikomaze tunda kabla ya jembe.