Barua ya Wazi kwa Mhakiki wa Pili

Kwa Mheshimiwa Mhakiki wa Pili,
Jina limefichwa, anwani imefichwa, mshahara haupo.

KUH: MAONI YAKO KUHUSU ZIWA NAKURU

Wewe uliyepewa na jarida makala yangu uyakague kabla hayajachapishwa, maoni yako nimeyapokea kwa mikono miwili. Mhakiki wa Kwanza makala yalimpendeza, akaomba koma mbili tu; raundi ya pili wewe ukaagiza zitolewe. Hilo tuliache.

Umenitaka nithibitishe kwamba maji ya ziwa yamepanda kweli. Umefanya vyema kushuku. Lango kuu la mbuga ya ziwa hilo lilimezwa na maji hadi likahamishwa, na wakazi wa Mwariki waliziacha nyumba zao, lakini yamkini walichoshwa tu na mtaa. Umenishauri pia nilinganishe Nakuru na ziwa fulani la Ulaya ili nipate wasomaji wa kimataifa. Sijasikia anayeandika kuhusu maziwa ya huko akiagizwa kulilinganisha lake na letu. Yale marejeo matano uliyosema nimeyasahau, yote ya mwandishi mmoja, nimeyaongeza. Mfikishie salamu, nahisi mnavaa shati moja.

Sisemi uondoke, la hasha. Pasipo wewe tunajua yanayotokea. Mwaka 2013 mwanahabari John Bohannon, akiandikia jarida la Science, alitunga utafiti bandia wa dawa ya saratani, wenye makosa ambayo mhakiki aliye macho angeyaona mara moja. Aliupeleka kwa majarida 304; 157 yakaukubali. Mwandishi mmoja aliyembuni alimwita Ocorrafoo Cobange, wa taasisi moja ya tiba mjini Asmara. Mtu hayupo, taasisi haipo. Bohannon mwenyewe alieleza kwamba alichagua majina ya huku kwetu ili mhariri akiyakosa mtandaoni asishtuke. Yaani kutojulikana kwetu ndiko kulikoaminika!

Kinachonisumbua ni malipo yako. Mwaka 2020 wenye jarida la Nature walitangaza ada ya yuro 9,500 kwa mwandishi anayetaka makala yake yasomwe bure na kila mtu. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Hapa Njoro kwa fedha hizo unatoka sokoni na ng'ombe kadhaa wa gredi. Mwandishi halipwi, wewe hulipwi, kampuni inakenua. Nawe umeridhika na raha moja tu: kutufokea gizani. Kwa mfanyakazi asiyelipwa, una kiburi cha meneja wa benki.

Basi nina ombi. Dai mshahara, uandike jina lako chini ya maoni, kisha upande matatu ya Nakuru uje ulipime ziwa mwenyewe. Na ufanye haraka. Chuo hakimpandishi mtu cheo kwa makala yaliyo mezani kwako, na karo ya watoto wangu haihakikiwi na yeyote, inalipwa Jumatatu.

Wako mtiifu,
Mhadhiri, Njoro
(cheo kile kile)