Maonyo Matatu Yaliyosahaulika Kutumwa

Kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano ya Sauti, Picha na Kidijitali (Arcom),
Paris, Ufaransa.

YAH: OMBI LA KUTUMA MAONYO MATATU YALIYOCHELEWA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nawaandikia ninyi kwa kuwa tarehe 1 Januari 2022 mlirithi kiti, mafaili na tabia za Hadopi, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009 ili kuwalinda wasanii dhidi ya watu wanaopakua nyimbo na filamu bila kulipa. Utaratibu mliorithi unapendeza kwa wepesi wake. Kampuni ya kukodi hujipenyeza mahali ambapo watu hugawiana mafaili mtandaoni, ikanukuu anwani za IP zinazoonekana humo. Ninyi mnazipeleka anwani hizo kwa watoa huduma za intaneti, nao wanawatajia jina lililo kwenye bili. Mwenye jina anapata barua pepe ya onyo. Anwani yake ikionekana tena ndani ya miezi sita, anapata onyo la pili, safari hii pamoja na barua ya rejista. Ikionekana mara ya tatu, faili linaweza kwenda kwa mwendesha mashtaka, na faini inaweza kufika euro 1,500. Mtoa huduma naye hana ruhusa ya kusema kwamba kazi yake ni kuuza intaneti basi. Oktoba 2010, kampuni ya Free ilipogoma kuzisambaza barua hizo, serikali haikuchelewa kutoa amri yenye faini ya euro 1,500 kwa barua isiyofikishwa. Ndivyo muuza waya alivyovalishwa sare ya mgambo, bila kuulizwa kama inamtosha.

Kabla sijafika kwenye ombi lenyewe, niwapongeze kwa ubunifu. Kosa analobebeshwa mwenye bili si wizi. Ni uzembe uliokithiri, yaani hakuulinda muunganisho wake usitumiwe na mwizi. Kesi ya wizi ingehitaji kumjua mwizi, na anwani ya IP haimjui. Inaujua mlango tu, aliyepita hapo haimjui. Wengine wangefika hapo wakakiri kwamba ushahidi umeishia kizingitini. Ninyi mkakishtaki kizingiti. Septemba 2012 mahakama moja ya mashariki mwa Ufaransa ilimtoza mtu euro 150 kwa ajili ya nyimbo mbili za Rihanna. Aliyezipakua ni mke aliyekuwa akiachana naye, na kwamba ni mke hakuna aliyebisha. Lakini bili ilikuwa na jina la mume, na mume alikiri kuwa alijua. Mkweli akalipa, mpakuaji hakuguswa, na takwimu za mafanikio zikaongezeka kwa moja.

Sasa ombi. Naomba yatumwe maonyo matatu ambayo, kwa jinsi nilivyochunguza, yamesahauliwa. La kwanza ni la mapema mwaka 2009. Chama cha UMP, chama cha Rais Nicolas Sarkozy aliyeipigania sheria hii kufa na kupona, kilitumia wimbo "Kids" wa bendi ya MGMT ya Marekani katika shughuli zake bila idhini ya wenyewe. Kwanza kilitaka yaishe kwa kulipa euro moja. Bendi haikufurahi, na mwishowe wakamalizana kwa euro 30,000 hivi. La pili ni la Januari 2010, na naomba mnivumilie nilieleze taratibu kwa sababu ni tamu. Waziri wa utamaduni, Frédéric Mitterrand, alizindua nembo ya Hadopi yenyewe, na wajuzi wa herufi wakaitambua kabla hata wino haujakauka: fonti ile ilichorwa na Jean-François Porchez kwa ajili ya France Télécom peke yake, na haikuwa ikiuzwa kwa mtu mwingine yeyote. Jina la fonti hiyo ni "Bienvenue", maana yake Karibu. Mamlaka ya kulinda mali za watu ilijikaribisha kwenye Karibu ya mwenzake bila kupiga hodi. Kampuni iliyoisanifu nembo ikajitetea kwamba ni kosa la kompyuta, nembo ikachorwa upya, na hakuna aliyepata barua ya rejista. France Télécom, kama mjuavyo, wakati huo alikuwa mtoa huduma za intaneti. Yaani aliyechukuliwa herufi zake ndiye yuleyule aliyelazimishwa kusambaza maonyo dhidi ya uchukuaji. La tatu ni la Mei 2011. Kampuni ya TMG ya Nantes, ndiyo hiyo ya kukodi niliyoitaja, iligundulika kuwa na seva iliyoachwa wazi, mafaili yake yakisomeka na kila mpita njia, hadi Hadopi ikabidi ikate kwa muda mawasiliano yake ya kompyuta na kampuni hiyo. Wakufunzi wa sheria wanaotafuta mfano wa muunganisho usiolindwa wasihangaike tena.

Najua jibu lenu. Hao ni watatu tofauti: chama, wizara na mkandarasi. Aliyepiga wimbo siye aliyechagua herufi, na aliyechagua herufi siye aliyeiacha seva wazi; si haki kuwajumlisha wote kana kwamba ni mkosaji mmoja sugu. Waheshimiwa, hapo mmesema kweli tupu, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nyumba yenye baba, mama, vijana wawili, mpangaji wa chumba cha uani na mgeni aliyekuja kwa wiki moja ina anwani moja ya IP. Barua zenu tatu zinaweza kuwa zimewafuata watu watatu ambao hawajawahi hata kuzungumza habari ya filamu yoyote, zote zikaangukia jina moja, na ninyi mkahesabu moja, mbili, tatu.

Tena hapo nimekubali kwamba anwani imenukuliwa sawasawa, jambo ambalo halina dhamana. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walionyesha kwamba kampuni za upelelezi zilikuwa zikichukua orodha ya washiriki kama ilivyo bila kuhakiki nani hasa anapakua. Ni sawa na mwalimu anayeita majina darasani bila kuinua macho: mtoro huitikiwa na rafiki yake, akahesabiwa yupo. Watafiti wakaiitikia orodha kwa anwani za vifaa vya chuoni, na barua za malalamiko zikaja zikizituhumu printa. Printa, waheshimiwa, mashine ambayo hata karatasi huitafuna kwa kusuasua, ilituhumiwa kugawa filamu mtandaoni. Miaka miwili baadaye, huko Ireland, kampuni ya Eircom iliyokuwa na mpango wake wa maonyo matatu iliwaandikia takriban wateja 300 wasiohusika kwa sababu saa ya seva haikurekebishwa pale majira yalipobadilika. Anwani za IP huhama kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine, hivyo ukikosea saa moja umekosea mtu. Sisi ambao saa yetu na ya Kizungu hupishana kwa sita kamili tumeisoma habari hiyo kwa hofu kidogo.

Yuko mtetezi wenu mmoja mwenye hoja nzito kuliko wengine, nami nisingependa kumkwepa. Yeye husema: mbona gari likipita kamera kwa kasi, tiketi huenda kwa mwenye kadi ya gari, na hakuna anayelia kwamba haki imekufa? Mfano ni mzuri mpaka unapoufuata hadi mwisho. Gari lina ufunguo, na kwa wakati mmoja linaendeshwa na mtu mmoja. Namba yake imebandikwa mbele na nyuma, na picha ya kamera mtu anaweza kuiomba akaitazama. Mwenye gari huyajua hayo yote siku anayokabidhi ufunguo. Wi-Fi haina usukani. Hupenya ukuta, huingia kwa jirani, hukumbukwa na simu ya kila mgeni aliyewahi kupewa nywila, na ruta ya nyumbani haitunzi kumbukumbu ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifungua ili ajitetee. Mkimtaka mwenye bili awe mlinzi, basi mnamtaka afanye ndani ya sebule yake kazi ambayo TMG, yenye mafundi na mkataba, haikuiweza kwenye seva yake. Na kisichosemwa sana ni kwamba mwenye gari hamlipi mtengeneza barabara kila mwezi ili amchongee.

Hapo wasanii wenyewe huingia, na wana haki ya kuingia. Anayetunga wimbo anastahili kula kutokana nao, na wale wanaosema kila kitu mtandaoni ni cha bure kwa kawaida mishahara yao wanaipokea kwingine. Lakini tuitazame sahani ya msanii baada ya zoezi hili lote. Hadi mwaka 2020 Hadopi ilikuwa imepewa na serikali takriban euro milioni 82, na faini zote zilizotozwa kwa njia yake zilifika kama euro 87,000. Kwa kila euro iliyorudi, zaidi ya 900 zilitoka. Na hizo 87,000 ni faini za jinai: ziliingia hazina, hazikuingia mfukoni mwa mpiga gitaa. Barua zaidi ya milioni 10 zilitumwa, nanyi mkajivunia kwamba wengi waliopata onyo la kwanza hawakuonekana tena. Hawakuonekana wapi? Nyavu zenu zilitegwa kwenye mtindo mmoja wa kugawiana mafaili. Aliyehamia tovuti za kutazama moja kwa moja alikuwa ametoka nje ya nyavu bila kuacha lolote. Mvuvi akihesabu samaki waliohama kuwa ni samaki waliotubu, sokoni atakwenda na hesabu nzuri na kikapu kitupu.

Kuna jambo jingine ambalo nawasifu kwa kulinyamazia. Kwa miaka mingi, kanuni za Ufaransa ziliwataka watazamaji wa majukwaa ya kulipia kwa mwezi kusubiri hadi miezi 36 baada ya filamu kutoka sinema. Mtu mwenye pesa mkononi aliambiwa arudi baada ya miaka mitatu. Halafu alipochungulia dirisha la nyuma, akaandikiwa barua. Januari 2022, mwezi uleule mlioanza kazi, makubaliano mapya yaliipunguzia Netflix muda huo hadi miezi 15. Nadhani makubaliano hayo yamewatendea wema wasanii kuliko barua milioni 10, ingawa hayana nembo.

Na ile adhabu kubwa, ya kumkatia mtu intaneti? Tarehe 10 Juni 2009 Baraza la Katiba la Ufaransa lilisema kwamba uhuru wa kujieleza wa Azimio la 1789 siku hizi unapitia kwenye waya huo, na kuukata si kazi ya ofisi, ni kazi ya hakimu. Sheria ikarekebishwa, hakimu akapewa mkasi, ila kipengele kimoja kikabaki kwa uzuri wake: aliyekatiwa huduma aendelee kuilipia. Juni 2013 ikaripotiwa hukumu ya kumkatia mtu siku 15, na mwezi uliofuata adhabu hiyo ikafutwa kwa kosa la uzembe. Sikumbuki chombo kingine cha dola kilichonolewa miaka minne kikaishia kwenye hukumu moja tu.

Mtauliza haya yanamhusu nini msomaji wa Kiswahili. Sheria, kama nguo za mitumba, huvaliwa kwanza Ulaya kisha zikaletwa kwetu kwenye marobota, vifungo vikiwa pungufu. Kenya, kwa marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019, tayari imempa mtoa huduma saa 48 za kufunga njia ya kuifikia kazi iliyolalamikiwa. Nakiri kwamba angalau sheria hiyo inailenga kazi yenyewe, haimwindi mwenye bili, tena imemwekea adhabu anayelalamika kwa uongo, kitu ambacho printa za Seattle zingekithamini. Lakini siku mtu atakapolishona robota lenu kwenye hilo la Nairobi au Dodoma, itabidi tumkumbushe kwamba watu wengi huku intaneti yao ni bando la simu, na kwamba kampuni za simu, kwa uhaba wa anwani, huwaweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja kwa wakati mmoja. Onyo likifika kwenye anwani kama hiyo, mwenye mlango ni mtaa mzima, kuanzia fundi cherehani hadi kibanda umiza chenye mechi ya jioni.

Kwa hiyo narudi kwenye ombi. Yatumeni yale maonyo matatu, hata kama muda wa miezi sita umepita mara nyingi. Tangazeni tu kwamba mmechelewa. Kwa kuwa wahusika ni watu mbalimbali waliopita mlango mmoja, yote yaandikwe kwa jina la mwenye mlango, na hilo kwa sasa ni jina lenu. Barua ya rejista itahitaji saini ya mpokeaji. Na ikiwa mtaandika kwa fonti ya Bienvenue, tafadhali ambatanisheni idhini.

Wenu mtiifu,
Mwenye bili

Nakala: Printa, Chuo Kikuu cha Washington, Seattle (kwa taarifa)