Chombo Hununuliwa kwa Mkono

Paa!

Mlio ulitoka ndani ya oveni, Idi pili, saa saba na ushei mchana, na sebuleni alikuwa amekaa mama mkwe wangu aliyeingia kutoka Tanga jana yake. Mwingine angeuliza kuna nini huko jikoni. Mama mkwe haulizi. Kwake yeye jikoni kukilia kitu, basi mtungi wa gesi umekwenda. Mengine mtaulizana mkiwa nje. Alinyanyuka na mkoba wake, doti ya kanga na viatu vya mjukuu, vyote viwili vya mguu wa kushoto, akaushika mlango huku akiita, "Mtungi! Tokeni, mtungi!" Hata dakika haikuisha, nyumba nzima ikawa barabarani. Jirani wa kulia alifika na ndoo ya mchanga. Jirani wa kushoto alifika na simu, anarekodi.

Mtungi ulikuwa salama, umetulia pembeni kama mgeni asiyejuana na mtu. Kilicholia ni trei yangu mpya ya kuokea, na ndani yake paja la mbuzi lililokusudiwa kuniletea heshima kwa mkwe.

Lile paja lililala usiku kucha kwenye friji, ndani ya trei ileile, kwa ndimu na ukwaju, kisha nikalitia kwenye oveni ya nyuzi 220 likiwa baridi vilevile. Trei yenyewe ilikuwa bati la alumini, jembamba kama kifuniko cha birika la mgahawani. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Sasa upande mmoja umekaliwa na nyama ya baridi, upande wa pili uko mtupu unaungua: huku kunataka kutanuka, kule hakusogei. Ni kiti cha watu wawili cha daladala kilichokaliwa na watatu. Mwisho lazima mmoja achomoke. Bati likajipinda, pembe moja ikainuka, nyingine ikazama, na mchuzi wote ukahamia kona moja kama abiria wanaokimbia upande wa jua. Kwenye kona ile nyama ikachemka. Upande wa pili ikawa mkaa.

Tukala hivyohivyo, maana ni Idi. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba alumini tupu na vitu vichachu havilali kitanda kimoja: ndimu na ukwaju viliitafuna trei usiku kucha, nyama ikatoka na rangi ya majivu na ladha ya sarafu. Mama mkwe alitafuna taratibu, akameza, akanywa maji.

"Mkwe," akasema kwa upole wa watu wa Tanga, "huyu mbuzi alikuwa anakula misumari?"

Mke wangu akaangalia dari.

Baada ya chakula mama mkwe akaomba aione trei. Akaishika kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya mtegoni.

"Uliinunua kwa nini?"

"Nilitaka ya kuokea, mama."

"Sikukuuliza sababu. Uliinunua kwa nini: kwa macho au kwa mkono?"

Sikujibu. Nilikuwa nimeinunua kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa yanajitazama. Pale Kariakoo ilikuwa inang'aa mpaka nikaitumia kuweka sawa kola ya shati, na muuzaji aliponiona vile akajua biashara imekwisha. "Bosi, hicho ni chuma, wajukuu watakirithi," akaapa. Ningekuwa na ile sumaku ya mlangoni kwa friji yangu ningemuumbua palepale, maana sumaku haishiki alumini. Lakini nani anakwenda Kariakoo na sumaku?

"Chombo hununuliwa kwa mkono," akasema mama mkwe. "Unakinyanyua. Kama mkono hauna habari, na wewe kirudishe." Akatusimulia sufuria yake ya mkate wa kumimina, ambayo huwekwa juu ya makaa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, moto juu, moto chini. Imemlea mke wangu na ndugu zake watano na bado haijatikisika. Alisema yote hayo akiwa ameigeuza trei yangu kuwa kipepeo, anajipepea.

Miezi iliyofuata niliingia kwenye mambo ya trei kama wenzangu wanavyoingia kwenye mambo ya mpira.

Ya pili ilikuwa ya kioo. Nzuri mno, unamuona kuku anavyobadilika rangi mpaka chini. Siku ya tatu niliitoa ikiwa ya moto nikaitua kwenye sinki lenye majimaji. Kioo hakipendi kushtuliwa. Vipande vyake bado tunavipata mpaka leo, kimoja kimoja, kwa kisigino.

Ya tatu ilikuwa na ule utando mweusi usiogandisha chakula. Utando ule ulipatikana kwa bahati mwaka 1938, mkemia Mmarekani Roy Plunkett alipokuta gesi ndani ya mtungi wake imegeuka unga mweupe. Naye mtungi wake ulimshangaza, ila yeye alipata jina. Kwangu utando uliondoka asubuhi moja tu, kwa stilwaya, majivu na bidii ya dada wa kazi, ambaye alidhani ule weusi ni masizi yaliyotushinda wenye nyumba. Jioni yake nikamsifu mke wangu kwa pilipili manga aliyoinyunyiza kwenye viazi.

"Sijaweka pilipili manga," akasema.

Ya nne niliinunua kwa mkono, kama nilivyofundwa. Nilinyanyua trei zote za duka lile mpaka nikaikuta iliyonivuta bega. Kilo nne! Nikaibeba kwenye bodaboda nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa, nikafika nyumbani, nikafungua oveni.

Haikuingia.

Jiko langu ni lile la sentimita 50 kwa 50, na ndani ya oveni, ukitoa kuta na vyuma vya kuegeshea, upana haufiki sentimita 40. Trei na masikio yake ilikuwa 44. Niliijaribu wima. Niliijaribu ubavu. Niliizungusha kama watu wanavyozungusha kitanda kwenye mlango wa chumba cha kupanga. Mlango wa oveni ukabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyekabwa na muhogo. Binti yangu Nuru, wa darasa la tatu, akanitazama kwa huruma akasema, "Baba, si tununue jiko jingine?"

Nilirudi dukani. Muuzaji hakusema neno, alinyoosha kidole tu kwenye kibao kilichokuwa juu ya kichwa chake: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Leo trei ile iko uani kwa jirani wa kulia. Bata wake wanaiogea, wanatosha watatu.

Safari ya mwisho nilikwenda na kamba. Nilikuwa nimepima oveni, nikatoa vidole viwili kila upande ili hewa ya moto ipate njia ya kuizunguka trei, nikafunga fundo. Mfukoni nina sumaku. Nikaingia mtaa wa vyombo nikipima kila kitu bila kutabasamu, mpaka mzee mmoja wa duka la ndoo akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, ndugu yangu. Msiba wa nani?"

Niligonga vitako kama mtu anayechagua tikiti maji: chepesi hulia, kizito huguna. Nilibonyeza katikati kwa dole gumba, na kilichonesa nikakirudisha. Nilipima kina kwa vidole vinne, maana trei yenye kuta ndefu hufungia mvuke, na nyama ikifungiwa mvuke inachemka huku wewe unajidanganya kuwa unaoka. Niliingiza mkono kwenye masikio nikiwa nimeufunga kitambaa, kwa sababu sikio la trei halishikwi na mkono mtupu isipokuwa mara moja maishani.

Niliyoichukua ilikuwa nyeusi, ya chuma kilichopakwa enameli, na madoa meupe kama sahani za bati za bibi yangu. Enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma kwa moto wa nyuzi 800 hivi, kwa hiyo hizi 220 za kwangu kwake ni jua la asubuhi. Ndimu haiiogopi, ukwaju haiuogopi. Inachoogopa ni kuangushwa. Ikimeguka, kutu inapata mlango. Kilo mbili na nusu. Sumaku ikang'ang'ania kitako kama kupe.

"Lakini hiyo haing'ai, mzee," muuzaji akanishauri. "Nikupe inayong'aa?"

Siku ya kwanza nilikaa mbele ya oveni nusu saa nikisubiri mlio. Kimya. Kuku alitoka wa kahawia pande zote, viazi vimekauka nje na ndani laini, mafuta yametulia katikati kama watu wazima.

Tabu ya chombo kizuri ni kwamba kinasikika mtaani. Trei ilianza kwenda arobaini, ikaenda hitima, ikaenda mahafali ya mtoto nisiyemjua. Nikaamua kuandika jina langu chini yake kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Nilipoitia motoni, moshi ule na harufu ile! Jirani wa kushoto akafika tena na simu.

Idi iliyofuata mama mkwe alikuja. Aliiona, akainyanyua, akaipima kwa mkono mmoja, akagonga kitako. Hakusema kitu. Alikula mara mbili, hakuuliza habari za misumari, na mimi nikalala usingizi wa mshindi.

Alfajiri ya tatu nikamsindikiza stendi ya Mbezi kupanda basi la Tanga. Nikamshusha, nikachukua kapu lake nimpelekee kwenye buti. Juu kulikuwa na mikate miwili, kanga na mfuko wa dawa za presha. Lakini bega langu likashtuka. Uzito ule naufahamu.

"Zito, mkwe?" akaniuliza.

"Hapana, mama," nikamjibu. "Kilo mbili na nusu tu."