Nailoni ya Mama

Bati la maziwa ya unga analotunzia Mama karatasi zake limemzidi umri mdogo wetu wa mwisho. Mna vyeti vyetu vyote humo, kadi za kliniki zilizolegea kurasa, stakabadhi za kiwanja na picha moja ya marehemu baba akiwa amevaa koti la kuazima. Desemba 2011, mto Msimbazi ulipofurika na maji kuingia Jangwani, Mama alitoka ndani maji yakimfika kifuani, bati liko kichwani. Kitanda, redio na cherehani vilikwenda na maji. Wenzake baadaye walihamishiwa Mabwepande; yeye alikuja kwangu Mbagala, na kabla hata ya kubadili khanga alifungua bati akaanza kuanika vyeti kwenye kamba, akivibana kwa vibanio kama nguo za mtoto mchanga. Cha Kaka cha kidato cha nne kilikuwa kimegeuka uji. Vilivyopona alivipeleka steshenari kimoja kimoja, kwa pesa ya vitumbua, vikapigwa laminesheni.

Tangu hapo hakuna karatasi ya serikali iliyolala bila nailoni nyumbani kwetu. Kaka alipopata mtoto, 2012, cheti cha kuzaliwa kilipotoka RITA, kwa msajili wa vizazi, hakikumaliza siku mbili mikononi mwa Wifi. Mama alikiomba, akaenda nacho, akarudi nacho kinang'aa.

Miaka minne baadaye Kaka akatupigia simu kutoka Maskati, Oman, alikokuwa akifanya kazi, sauti imejaa furaha. Mwajiri wake alikuwa amemkubalia kuchukua familia. Zilitakiwa karatasi mbili: cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, zote zithibitishwe huku nyumbani kwanza. Cha ndoa Wifi alikuwa amekihifadhi sandukuni, katikati ya doti za khanga, safi kabisa. Cha mtoto tukakitoa kwenye bati.

Tulipokipeleka kuthibitishwa, ofisa wa dirishani alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha ukucha juu ya nailoni. "Dada," aliniambia kwa upole, "muhuri nitaugonga wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Wino haushiki kwenye nailoni. Tena anayekagua cheti anataka kuishika karatasi yenyewe, aone wino wa saini umekaa vipi, ageuze nyuma apate mahali pa kuandika. Na muhuri uliokuwa ukitungoja haukuwa mmoja. Oman imo katika Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ule unaowezesha cheti kuvuka mpaka kwa uthibitisho mmoja tu uitwao apostili. Lakini mkataba huo unafanya kazi pale nchi zote mbili zinapokuwamo, na Tanzania haikuwamo. Burundi walikuwa wameshaingia 2015, na Rwanda wakafuata 2024. Sisi ilitupasa kupita njia ndefu: msajili ahakiki kwamba mtoto yumo kwenye daftari, Wizara ya Mambo ya Nje ithibitishe saini ya msajili, kisha ubalozi wa Oman uthibitishe saini ya wizara. Wizara haisemi kwamba mtoto huyu alizaliwa. Inasema saini hii tunaifahamu, mwenye kuitia ni mtu wetu. Kila ofisi inamdhamini jirani yake tu, kama watu waliosimama foleni wakishikana mabega. Akikosekana wa kwanza, wa nyuma yake hana bega la kushika.

Tulirudi nyumbani na cheti chetu kinachong'aa. Jirani mmoja akatuambia nailoni hulegea kwa moto, tupitishe pasi juu ya kitambaa. Mimi ndiye niliyesema tujaribu. Ningeuliza kwanza, ningeambiwa mapema kwamba nakala mpya hutolewa, na jioni ile isingekuwepo.

Tulitandika gazeti mezani, tukafunika cheti kwa kipande cha khanga kuukuu, Mama akashika pasi kwa sababu mkono wake ndio mtulivu kuliko yetu. Harufu ya gundi ilijaa chumba. Pembe moja ikanyanyuka, Wifi akaidaka kwa wembe, akaanza kuvuta taratibu, tumbo la karatasi likijitokeza jeupe. Tukafurahi. Nembo ikatoka salama, jina la mtoto likatoka salama. Alipofika chini, karatasi ikashikana na gundi, ikachanika kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtu anayekwaruza kiberiti kibichi. Wifi akasimama na utepe wa nailoni mkononi. Pale kwenye cheti palipokuwa na saini ya msajili palibaki manyoya ya karatasi. Saini ilikuwa imeondoka na nailoni. Ukiuinua utepe kwenye taa unaisoma vizuri kabisa, imening'inia peke yake.

Mama akazima pasi. Akakaa kwenye kigoda, akajifuta mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na maji. "Nilikuwa nakilinda," alisema. Akarudia mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi.

Wifi ndiye aliyepiga magoti mbele yake. Mwanamke aliyemsubiri mumewe miaka mitatu, ambaye safari yake ilikuwa imechanika mbele ya macho yake, alimshika Mama miguu akamwambia, "Mama, bila wewe tusingekuwa hata na hiki cha kuchanika." Mimi nilitoka nje. Sikutaka wanione.

Usiku ule nilitaka kuandika yaliyompata Mama mwaka 2011 nimpelekee mtu yeyote anayekaa dirishani, ajue kwamba nailoni hizi wanazozikataa kila siku zina habari zake. Nazitetea hata leo. Ila ninapokutana na mzazi mwenye cheti kipya mkononi namwambia akiweke kwenye bahasha ya nailoni iliyo wazi juu, kiingie na kutoka, asikipeleke kwenye mashine.

Namba ya cheti ilikuwa bado inasomeka, na hiyo ndiyo iliyotuokoa. Tuliomba nakala mpya kwa namba ile, ikatoka, ikahakikiwa. Wifi aliibeba katikati ya madaftari mawili, kwenye daladala akakataa kuwaachia watu wampokee mzigo. Wizarani, Kivukoni, cheti kikagongwa nyuma. Kikatafsiriwa Kiarabu. Ubalozini kikagongwa tena, pamoja na cha ndoa.

Siku moja kabla ya safari, Mama alivaa miwani, akakigeuza cheti chini ya taa, akaigusa mihuri mmoja mmoja kwa kidole. Akauliza kama karatasi za Maskati huwa zinalowa.

"Kule mvua haba, Mama," Wifi alimjibu.

Mama akatikisa kichwa. Kisha akachukua ule utepe wa nailoni wenye saini, akaukunja ndani ya kitambaa, akauweka chini kabisa kwenye bati, chini ya picha ya baba.