Nyota Zikigoma: Mwongozo wa Kuitibu Modi ya Org Ukiwa Kanyosha, Bujumbura

Ondoa kidole kwenye kitufe cha kuzimia kompyuta, ndugu yangu. Najua kilichokufikisha hapo. Umeandika tangu asubuhi, ukabonyeza kitu usichokijua, na ukurasa mzima ukabaki mstari mmoja wenye nyota na nukta tatu mwishoni. Umeshavilaumu virusi, umeilaumu flashi ya shemeji, umelilaumu hata joto la saa nane mchana. Waache wote. Maandishi yamekunjwa tu. Weka kishale kwenye mstari ule wenye nyota, bonyeza TAB, yatateremka jinsi ulivyoyaacha. Ukitaka faili zima lifunguke, shika Shift pamoja na TAB, urudie mpaka uone kila kitu.

Hicho ndicho kinachomtisha kila anayeanza Org, na wala si kasoro. Org ni modi inayofanya kazi ndani ya kihariri cha Emacs. Carsten Dominik, mwanaastronomia wa Amsterdam, aliianzisha mwaka 2003 ili maelezo yake na kazi zake vikae pamoja katika maandishi matupu, na tangu Emacs 22 ya mwaka 2007 inakuja ndani ya Emacs yenyewe. Kinachohifadhiwa kwenye diski ni herufi tu: nyota kwa vichwa, vistari kwa orodha, mabano ya pembe kwa tarehe. Kukunja, rangi, ajenda, majedwali yanayojumlisha yenyewe, yote hayo ni kazi ya modi. Modi ni miwani, na miwani ikiingia vumbi hakuna anayeuchana ukurasa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mganga ni moja: ugonjwa uko kwenye faili au kwenye modi? Lifungue faili lilelile kwa programu nyingine yoyote, hata ya simu. Maneno yakiwepo, tengeneza nakala, kunywa maji, urudi kazini. Sasa ifunge Emacs na uiwashe kutoka kwenye terminali kwa kuandika emacs -Q, yaani iamke bila mipangilio yako. Tatizo likitoweka, mkosaji yumo kwenye faili lako la mipangilio, katika ile mistari uliyoinakili usiku bila kuisoma. Zima nusu ya mistari, jaribu. Kisha nusu ya nusu inayoshukiwa, jaribu tena. Mistari mia moja humalizika kwa mizunguko saba hivi. Anayeanza kwa kuformati kompyuta atapoteza siku nzima, kisha atairudisha mistari ileile na ugonjwa uleule.

Maradhi mengine huja na toleo jipya. Andika M-x org-version (M- ni kushika Alt, C- ni kushika Ctrl, RET ni Enter). Jibu likitaja "mixed installation", una Org mbili zilizochanganyika: ya zamani ilikuwa imeshaamka ulipokuwa unaweka mpya. Kiondoe kifurushi kipya, ianzishe Emacs upya, ukiweke tena kabla hujagusa faili lolote la .org. Ukiandika <s na TAB na hakuna kinachotokea, hujakosea tahajia. Tangu toleo la 9.2 njia hiyo ya mkato ya kuweka kizuizi cha msimbo haiamki yenyewe. Tumia C-c C-, au uongeze (require 'org-tempo) kwenye mipangilio. Na Org ya 9.7, iliyotoka mwaka 2024, itakulalamikia kwamba upana wa tabo lazima uwe 8 ikiwa uliuweka 4. Itii. Orodha zilizopangwa kwa upana tofauti kwenye mashine mbili huishia kusomeka vibaya, na hapo ndipo faili lenyewe linapoanza kuumia.

Sasa tuje kwenye ugonjwa unaotuhusu sisi wa Kiswahili, ambao mwongozo wa mtu wa Paris hauwezi kukuonya. Org huandika tarehe pamoja na kifupi cha siku, na kifupi hicho hukichukua kutoka lugha ya mashine. Mashine ya Kifaransa, kama nyingi za Bujumbura, itakuandikia lun. au ven., na hilo halina dhara. Lakini ukiigeuza mashine iwe ya Kiswahili, na siku zikafupishwa J3, J4, J5, utapata <2025-03-10 J3>. Sasa tazama: kanuni za Org haziruhusu tarakimu ndani ya jina la siku. Tarakimu ikijitokeza mahali pale, kazi yako ya Jumatatu haina uhakika wa kusomwa inavyopaswa, na wewe unabaki unaichunguza ajenda isiyo na kosa lolote. Dawa ni mstari mmoja kwenye mipangilio: (setq system-time-locale "C"). Siku zitaandikwa kwa kifupi cha Kiingereza, na hilo ni jambo dogo, maneno yako yote mengine yatabaki Kiswahili. Kwa tarehe za zamani, futa kile kijina cha siku. Tarehe peke yake ndani ya mabano inatosha kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu akigombezwa na programu kwa kosa la kutumia lugha yake, huitupa lugha kwanza. Usiitupe. Kasoro ina dawa.

Ajenda ikiwa tupu kabisa, sababu huwa nyepesi zaidi: hujaiambia ni faili zipi izisome. Ukiwa ndani ya faili, bonyeza C-c [. Kwenye kibodi ya Kifaransa bano hilo linataka AltGr na kitufe cha 5, kwa hiyo kwanza achia Ctrl, ndipo ulitafute bano.

Pesa nazo. Wengi wetu huandika faranga kwa nukta katikati: 12.000, 3.500. Jedwali la Org huisoma nukta hiyo kuwa ya desimali, na ukiliomba lijumlishe kwa vsum litakupa 15.5 kwa utulivu mkubwa. Muuza duka aliyeamini hesabu hiyo atadhani ameibiwa. Andika 12000 na 3500, ndani ya jedwali mapambo hayahitajiki.

Umeme ukikatika katikati ya sentensi, usianze kuandika upya kwa kumbukumbu. Emacs hujihifadhia nakala kila baada ya vibonyezo 300, au ukitulia kwa sekunde 30 hivi. Umeme ukirudi, fungua faili, andika M-x recover-this-file, kubali. Nakala hiyo hukaa kando ya faili lako, jina lake likiwa kati ya alama mbili za #, basi usiifute kwa kudhani ni takataka. Pengine Emacs itakuambia faili limeshikwa na mtu mwingine. Mtu huyo huenda ni wewe mwenyewe wa kabla ya giza, au kompyuta nyingine uliyoichomea flashi. Ukiwa na hakika hakuna mwingine anayeandika, bonyeza s, umiliki unarudi kwako.

Kuna pia safari ya kwenda kuchapisha. Umepeleka flashi dukani, pale barabara ya Rumonge, na kijana wa duka anafungua faili kwa Notepad ya zamani: maandishi yote mstari mmoja mrefu, na foleni nyuma yako inaguna. Notepad ya kabla ya 2018 haikuzifahamu alama za mwisho wa mstari zinazotumika Linux. Kabla hujatoka nyumbani, bonyeza C-x RET f, andika utf-8-dos, hifadhi. Afadhali zaidi, toa PDF kabisa kupitia menyu ya C-c C-e. Hapo utakutana na kituko kingine: jina_la_faili linachapishwa herufi zake zikiwa zimeshuka chini, maana Org huichukulia alama ya _ kuwa ya kushusha herufi kama kwenye kemia. Andika juu ya faili #+OPTIONS: ^:{} na majina yatasimama wima.

Baki na M-x org-lint kwa afya ya jumla. Hupekua faili zima na kukuonyesha, mstari kwa mstari, viungo visivyofika popote, sifa zilizowekwa mahali pasipo pake, na vizuizi visivyofungwa. Na ukikuta kasoro ambayo inabaki hata chini ya emacs -Q, umepata kitu cha kweli; wanaoitunza Org wanakihitaji. Tengeneza faili dogo, mistari michache tu inayotosha kuonyesha tatizo, eleza ulichobonyeza na ulichotarajia, kisha tumia M-x org-submit-bug-report. Ukikubali, amri hiyo hubandika na mipangilio yako kwenye barua, pamoja na majina ya faili zako, kwa hiyo ipitie yote na uondoe majina ya wateja na namba za simu kabla hujatuma.