Mwalimu wa Jazi

Akija mfadhili kuufundisha mji wetu wa Likasi, Kongo, jazi kila Ijumaa ukumbini, tumpokee vizuri. Mgeni hupewa kiti. Tumnong'oneze tu kwamba mji huu, ukiitwa bado Jadotville, ndiko mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco mwaka 1952, gitaa moja kavu, bila semina wala mfadhili. Mwaka uliofuata mwimbaji Kabasele akaanzisha bendi ya African Jazz kule Léopoldville (Kinshasa ya leo). Mwaka 1956 ikafuata bendi ya OK Jazz. Zote zilipiga rumba, jazi ikabaki kwenye jina, na watu wakacheza hadi alfajiri (hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio chake). Basi alete saksafoni na mabango. Ila asisahau jenereta: shaba inayochimbwa kwetu hupitisha umeme vizuri sana, ikishafika kwao.